LAND ROVER KUUKUU: PESA ZITIWE CHINI, SI JUU

Maoni ya karani mmoja wa ofisi ya kilimo, Kinangop



Mwezi uliopita mzee mmoja wa skimu yetu alinijia ofisini amevaa koti lake la kwendea mjini. Alikuwa amepokea pesa za viazi, na tena chama cha ushirika kilikuwa kimekubali kumkopesha. Akaniambia, "Mwalimu, nataka uniandikie barua ya mapatano. Nanunua Land Rover." Watu hapa huniita mwalimu kwa sababu nilisomea ualimu kabla ya kuingia katika kazi ya ukarani.

Nikamwuliza, "Mzee, umeiona?"

"Nimeiona. Ina rangi mpya ya kijani, na tairi zake zinanifika hapa." Akajigusa kiunoni.

Nikamwuliza kama amelala chini yake. Alinitazama kama mtu aliyetukanwa.

Barua ile sikuiandika siku hiyo. Nilimwomba anipe wiki moja, na katika wiki hiyo nimeandika maneno haya, kwa maana najua hayuko peke yake. Kila baada ya mavuno mazuri ya viazi au kabeji naona magari makuukuu mapya, yaani mapya kwetu, yakipanda kutoka Naivasha. Na kila masika naona mengine yamesimama nyuma ya nyumba, kuku wakilala ndani yake.

Sipingi mkulima kununua gari la kuvuta kwa magurudumu yote manne. Kwa mtu wa skimu, gari la namna hii si anasa. Tangu mashamba haya yalipogawanywa katika mpango wa eka milioni moja ulioanza mwaka 1962, barabara nyingi za ndani zimebaki za udongo. Lami imefika mbali siku hizi, lakini haifiki penye zizi. Udongo wetu kwa chini ni mfinyanzi mgumu usiopitisha maji, na juu yake hukaa tope laini; mvua ikinyesha siku tatu, maji hayana pa kwenda, yanalala barabarani. Maziwa yaliyokamwa alfajiri nayo hayangoji. Yasipofika penye mtambo wa kuyapoza katika muda wa saa mbili au tatu huanza kuharibika, na mpimaji atayakataa, wala hana kosa. Nimeona ng'ombe wazuri wa gredi wakikamwa, na maziwa yakapewa ndama na mbwa wiki nzima, kwa sababu ya kilometa nne tu za tope.

Ninalopinga ni namna tunavyonunua magari haya, na zaidi namna tunavyoyatengeneza tukiisha kuyanunua. Tumeiga watu wa mjini. Wao wana mchezo wao wa Jumapili: huinua gari juu, hulifunga tairi pana, bampa la chuma na taa nne juu ya paa, kisha huenda kutafuta tope kwa kupenda. Sisi tope limetutafuta wenyewe, na gari letu hubeba madebe ya maziwa, mbolea, na watoto wa jirani. Kazi yake si moja na ya wale, na pesa zake zisitumiwe kama za wale.

Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu mimi mwenyewe nilikosea. Yafaa niwaambie.

Shemeji yangu na mimi tulinunua Land Rover ndefu, iliyotengenezwa mwaka 1978, kwa shilingi 380,000. Sehemu kubwa ilikuwa mkopo wa shemeji, unaokatwa katika maziwa yake kila mwezi. Gari lilikuwa likiwaka vizuri, na mwenye kutuuzia alikuwa mtu wa maneno matamu. Tulibaki na shilingi 100,000 za kulitengeneza. Mimi, mtu wa kusoma vitabu, ndiye niliyesema tununue kwanza tairi pana na vyuma vya kuliinua, ili tuvuke ule mto mdogo ulio kati ya shamba letu na barabara kubwa. Fundi wetu, mtu mzima wa maneno machache, alisema, "Mwalimu, breki hizi hazinipendezi." Nikamjibu kwamba tutazitazama baada ya masika. Shilingi 96,000 zikaenda katika tairi na vyuma.

Mwezi wa Mei 2018 mvua zilikuwa nyingi kupita kiasi, kama mnavyokumbuka. Asubuhi moja shemeji alivuka mto na madebe 8 ya maziwa, na nyuma walikuwa wamekaa watu wanne. Gari lilivuka vizuri sana, nasi tulikuwa tumejivuna kwa ajili ya hilo. Ng'ambo ya mto kuna kilima kifupi cha kupanda, halafu mteremko mrefu. Aliposhika breki penye mteremko, pedali ilizama mpaka chini. Bomba moja la breki lililoliwa na kutu lilikuwa limepasuka, na gari letu lilikuwa na njia moja tu ya mafuta ya breki, kama zilivyo Land Rover nyingi za zamani: bomba moja likipasuka, magurudumu yote manne hukosa breki. Akatia gia ya pili ili injini ilizuie gari. Gia ikaruka yenyewe ikatoka. Hapo aliukata usukani akaligonga gari kwenye ukingo wa udongo.

Hakuna aliyekufa. Mtoto mmoja wa darasa la sita alivunjika mkono, na mkono ule mpaka leo haunyooki sawasawa. Babake ni jirani yangu. Tunasalimiana kila siku, na hajanitamkia neno baya hata mara moja. Kutengeneza breki zote upya kulitugharimu shilingi 41,000. Tulikuwa nazo pesa hizo, na zaidi. Zilikuwa zimefungwa kwenye magurudumu.

Basi, tuanze penye kununua.

Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwezi wa Aprili 1948. Wakati huo, baada ya vita, chuma kilikuwa haba Uingereza, kwa hiyo kampuni ya Rover ikatengeneza sehemu kubwa ya bodi kwa alumini, ile ya sufuria. Alumini haipati kutu kama chuma. Hili ni jema, lakini ndilo linalowadanganya wanunuzi mpaka leo. Unaona milango na mabawa mazima, rangi inang'aa, unadhani gari lote ni zima. Kumbe chini yake kuna chesi, nayo ni ya bati la chuma lililounganishwa likawa kama boksi refu. Tope na maji huingia ndani ya boksi hilo yakakaa, na chuma kikaliwa kutoka ndani kwenda nje. Chesi inaweza kupakwa rangi nyeusi nzuri huku ndani haina kitu. Gari lililokaa miaka mingi Mombasa au Malindi, penye hewa ya chumvi, litiliwe shaka zaidi. Kadhalika gari lililobeba mbolea. Mbolea ya chumvichumvi ikimwagika na kulowa hula chuma vibaya, na huku kwetu kila gari limebeba mbolea.

Kwa hiyo nendeni na gunia la kulalia, tochi, nyundo ndogo na bisibisi. Lala chini. Gonga chesi polepole kutoka mbele mpaka nyuma. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Kilichooza hutoa sauti nzito kama ya ubao uliolowa, na bisibisi huingia. Gonga sana ile boriti ya nyuma kabisa, mahali springi zinaposhika, na vile vyuma vya pembeni vilivyo chini ya milango. Kisha inua mkeka ulio chini ya miguu ya dereva: ukuta ule kati ya injini na dereva ni wa chuma, si alumini, nao huoza kwa chini. Mwuzaji akikukataza kugonga, mshukuru kwa chai yake urudi nyumbani. Kuungaunga mahali pawili patatu ni jambo la kawaida, fundi mzuri wa kuchomelea ataliweza. Lakini chesi iliyooza penye springi ni gari la kuuzwa vipande vipande, na bei yake iwe ya vipande.

Jambo la pili ni kama gari linavuta kweli kwa magurudumu manne. Msicheke. Nimeona magari mawili katika skimu hii yaliyouzwa kwa jina hilo, na propela ya mbele haikuwapo. Ilikuwa imevunjika zamani na mwenyewe akaiondoa. Mengine propela ipo, lakini shafti ya ndani ya gurudumu imekatika. Njia ya kupima ni rahisi. Weka mawe makubwa nyuma na mbele ya magurudumu ya nyuma. Shika gia ya magurudumu manne, na kama kuna vile vifuniko vya kufunga na kufungua kwenye magurudumu ya mbele, vifunge. Zima injini, uache gari ndani ya gia. Sasa inua gurudumu moja la mbele kwa jeki na ujaribu kulizungusha kwa mkono. Likikataa, ukiacha kucheza kidogo, ni salama. Likizunguka hivi hivi, kuna kitu kimekatika huko ndani. Kisha fanya vivyo hivyo kwa gurudumu la pili. Likiwa bado juu, lishike juu na chini ulitikise. Likicheza sana, vifundo vyake vimekwisha, na usukani utatetemeka mikononi mwako.

Tena liendeshe mwenyewe kwenye mteremko, katika gia ya pili na kisha ya tatu, uondoe mguu kwenye pedali ya mafuta. Gia ikiruka ikatoka, gia boksi imechoka. Hili sisi hatukulipima, nanyi mmesikia lilivyotupata. Injini mwambie mwuzaji asiipashe moto kabla hujafika. Iguse kwa mkono, iwe baridi, ndipo iwashwe. Moshi wa buluu usiokoma maana yake inakula oili. Lakini injini nasema ni neno la mwisho, si la kwanza, kwa maana injini hupatikana na kubadilishwa. Chesi nzima haipatikani kwa urahisi.

Watu huniuliza pia ni aina gani ya kununua. Zile za springi za bapa, kama yetu, zilitengenezwa mpaka mwaka 1985. Nyingi za wakati huo ziliunganishwa hapa hapa Kenya, kule Thika, ndiyo sababu mafundi wengi wanazijua kama wanavyozijua baiskeli. Kuanzia mwaka 1983 zilianza kutoka zile za springi za koili, zilizopewa jina la Defender mwaka 1990 na kuendelea kutengenezwa mpaka Januari 2016. Hizo huvuta kwa magurudumu manne wakati wote, hukaa vizuri zaidi barabarani, na bei yake ni ya juu. Toyota Land Cruiser ya zamani ni gari gumu, lakini bodi yake ni ya chuma na huoza, na bei yake mkulima wa eka kumi na tano ataisikia akainama. Usitazamie kuagiza gari kuukuu la namna hii kutoka ng'ambo: sheria yetu hairuhusu gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Utanunua lililomo nchini, kwa mtu au kwenye mnada. Mnadani huruhusiwi kuliendesha mara nyingi, lakini siku ya kukagua ipo. Nenda siku hiyo na nyundo yako.

Pimeni pia kazi mliyo nayo. Ile fupi hubeba kama kilo 450, yaani gunia 9 za viazi za kilo 50. Ile ndefu hubeba karibu mara mbili ya hiyo. Ya petroli huenda kilometa 5 au 6 tu kwa lita moja. Chukua safari zako za wiki, uzigawanye hivyo, kisha uzidishe kwa bei ya mafuta inayotangazwa kila tarehe 14 ya mwezi. Mtu aliye karibu na murram nzuri, ambaye hukwama siku kumi tu kwa mwaka, akifanya hesabu hiyo ataona kwamba punda wawili na mkokoteni, au kukodi trekta ya jirani siku hizo kumi, ni nafuu. Nimewafanyia wakulima watatu hesabu hii mezani kwangu. Wawili hawakununua. Wa tatu alinunua hata hivyo, na ni pesa zake.

Sasa kutengeneza. Mimi nasema hivi: usinunue gari kwa pesa zako zote. Ikiwa una shilingi 500,000, nunua la 350,000, na zile 150,000 zisiguswe mpaka gari liko kwa fundi. Na katika pesa hizo, hata shilingi moja isipande juu ya gari kabla ya chini kumalizika.

Mwanzo ni breki. Badilisha mabomba yote, ya chuma na ya mpira, hata yale yanayoonekana mazuri. Badilisha mafuta ya breki, kwa maana hunyonya maji kwa muda, na maji hula mabomba kutoka ndani. Kama pesa zinafika, funga masta silinda ya njia mbili, ili bomba moja likipasuka magurudumu mawili yabaki na breki. Kwa ile fupi, mafundi huweza kufunga breki kubwa za ile ndefu. Na hata breki mpya zina desturi yake: breki za dramu zikiisha kupita majini hazishiki. Ukivuka mto, endesha polepole huku umekanyaga breki kidogo kidogo mpaka zikauke na ulisikie gari linashika. Wafundisheni vijana wenu wanaoendesha. Hili halina gharama yoyote.

Baada ya breki ni vifundo vya mbele na usukani, kisha springi na bushi zake. Bapa zilizoshikana kwa kutu zifunguliwe, zisafishwe, zipakwe grisi, na iliyovunjika ibadilishwe. Gari litainuka lenyewe kama mtu aliyetua mzigo, nawe utashangaa. Nyingi ya Land Rover zinazosemwa ni fupi mno hazikuwa fupi. Zimelala tu kwa uzee.

Hapa nataka kusema juu ya kule kuinua gari, kwa sababu ndiko kunakokula pesa nyingi. Watu hudhani ukifunga springi ndefu au vipande vya chuma, gari litapita mahali penye mfereji mrefu wa magurudumu. Tazama chini uone. Kinachokwama katikati ya mfereji ni difu, ile tumbo ya ekseli. Springi zipo juu ya ekseli. Ukiziongeza, bodi inakwenda juu, lakini difu inabaki pale pale ilipokuwa. Kitu kinachoinua difu ni tairi peke yake. Na gari lililoinuliwa hupinduka upesi zaidi penye mlalo wa kilima, hasa likiwa na madebe yaliyojaa maziwa yanayocheza.

Je, tairi kubwa basi? Kidogo, ndiyo. Ile fupi ikitolewa tairi za 6.00-16 na kufungwa za 7.50-16, ambazo ndizo za ile ndefu, difu hupanda kama sentimita 4. Hizo zatosha. Ni ndefu na nyembamba, nazo kwenye tope letu hukata mpaka kwenye udongo mgumu zikapata pa kushika, wakati tairi pana huelea juu na kuteleza kama mtu mwenye viatu vya mpira. Penye mchanga mwingi mambo ni mengine, lakini sisi hatulimi jangwani. Tairi kubwa kupita hizo huifanya injini ivute kwa shida, hupunguza nguvu za breki, na hukata zile shafti za ndani. Tena kumbukeni tuko juu. Kwenye mwinuko wa meta 2,500 hewa ni nyepesi, na injini ya kawaida isiyosukumiwa hewa hupoteza karibu robo ya nguvu zake. Ukiifunga tairi za kifahari, unaiongezea mzigo maskini aliyekwisha kupunguziwa posho.

Kitu ambacho ningekinunua kabla ya winchi, kabla ya bampa, kabla ya taa za juu, ni minyororo ya tairi. Fundi mmoja aliyezoea matrekta anaweza kukutengenezea. Ifunge kabla ya kuingia topeni, si baada ya kukwama, nawe utapita mahali ambapo magari yenye tairi za bei kubwa yamelala. Chukua pia ubao mpana wa kuweka chini ya jeki, jembe, na kamba nzito. Vyote hivyo vinaingia nyuma ya kiti.

Na mjue gari lenyewe. Land Rover ya springi za bapa ina kifundo cha manjano na mti mwenye kichwa chekundu. Kile cha manjano ukikibonyeza magurudumu ya mbele yanavuta. Ule mwekundu hutia gia nzito, zenye nguvu na mwendo mdogo. Tieni kabla ya tope, gari likiwa limesimama. Kwenye mteremko wenye utelezi, gia nzito ya kwanza au ya pili huliteremsha gari polepole hata mguu wako usipogusa breki. Lakini mkifika lami toeni zote mbili, kwa sababu kwenye barabara ngumu magurudumu ya mbele na ya nyuma hayazunguki sawasawa penye kona, na vyuma vya ndani hujikaza mpaka vikatike. Kijana mmoja alikwenda nayo hivyo mpaka Naivasha. Alirudi kwa matatu.

Kubadilisha injini, kutia ya dizeli ya Toyota au Isuzu, watu wengi wamefanya, na sina ubishi nao ikiwa injini ya kwanza imekufa. Ila iwe baada ya breki. Na nambari mpya ya injini iandikishwe katika NTSA, kwa maana gari lenye injini isiyoandikwa katika logbook litakupa taabu siku ya kuuza, siku ya ajali, na siku ya askari.

Juu ya karatasi sitasema mengi. Kabla ya kulipa, tafuta taarifa za gari katika mtandao wa NTSA, uone jina la mwenyewe na kama kuna benki au chama kinachodai. Linganisha nambari iliyopigwa kwenye chesi na ile ya logbook kwa macho yako. Ukiisha nunua, hamisha jina. Sheria inakupa siku 14. Bima iwe ya kazi unayoifanya kweli. Ukichukua nauli za watu kwa gari lenye bima ya shamba, siku ya ajali huna bima. Siku ya ajali yetu hatukuwa tumetoza nauli. Ni jambo moja tu tulilolifanya sawa.

Najua wako watakaosema kwamba karani aliyegonga gari si mtu wa kufundisha watu magari. Na wengine watasema breki hazionekani, na mtu akipita na gari lililoinuliwa jirani wanajua amefanikiwa. Hilo la pili ni kweli. Mimi pia nilipenda kuangaliwa nikipita. Lakini mkopo wa chama hukatwa katika maziwa, na gari likilala maziwa hayaendi, na mkopo hukatwa vile vile.

Yule mzee alirudi Jumatatu. Tulikwenda naye pamoja na fundi, tukalala chini ya ile Land Rover ya kijani. Bisibisi iliingia penye boriti ya nyuma mpaka kwenye mpini, na propela ya mbele ilikuwapo lakini shafti ya kushoto ilikuwa imekatika. Mwuzaji akapunguza shilingi 90,000 papo hapo bila kuombwa, jambo lililonionyesha kwamba alikuwa anajua. Mzee amesema atafikiri. Wakati ninapoandika haya bado anafikiri, na barua ya mapatano sijaiandika.

Gari letu sisi bado linabeba maziwa. Lile vyuma vya kuinulia tuliviuza kwa hasara, na lina tairi nyembamba. Siku za soko hukaa nyuma ya ofisi ya kilimo. Atakayetaka kuona mahali pa kugonga na aje nimwonyeshe. Gunia la kulalia ninalo, ila nyundo aje na yake.